Bingwa asiyeonekana: uchambuzi wa kisa cha mrukaji wa Olimpiki ndani ya kichekesho bubu cha 1927

Kwa nini kisa hiki

Mtu anayetengeneza vichekesho akibahatika kumpata mwanamichezo mwenye jina, swali lake huwa moja tu: nimweke wapi ili watu wamwone? Anampa mpira, anamwambia atabasamu, jina linaandikwa kwa herufi kubwa. Mara nyingi kichekesho hufia hapohapo. Watu wakishamaliza kushangaa kwamba kumbe ni fulani, hawana tena cha kuchekea.

Kisa hiki, kutoka filamu College ya mchekeshaji Buster Keaton, kinakwenda upande wa pili. Watayarishaji walikuwa na bingwa wa Olimpiki. Walimwita afanye jambo moja la sekunde chache, na kazi yake ingehesabiwa imefaulu ikiwa hakuna mtazamaji hata mmoja angejua kwamba yumo. Nimekichagua kwa sababu maamuzi yake yako wazi, na makosa yake pia yako wazi. Ninawataja kwa majina wale tu ambao sehemu yao katika kisa hiki inajulikana na umma. Mwongozaji, msimamizi na wafanyakazi wengine wa studio nitawataja kwa kazi zao.

Usuli

Sinema bubu na wanamichezo walikuwa wamezoeana muda mrefu kabla ya 1927. Mwaka 1911 kampuni ya Thanhouser ya New Rochelle, jimbo la New York, ilitoa kichekesho kifupi cha rili moja, yaani mkunjo mmoja wa mkanda wa filamu, The Baseball Bug. Ndani yake walikuwamo wachezaji wanne wa Philadelphia Athletics, timu iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa besiboli mwaka huohuo: Chief Bender, Jack Coombs, Cy Morgan na Rube Oldring. Hadithi ni ya karani wa mji mdogo anayejiona bingwa, mpaka mabingwa wa kweli wanapoletwa kumshusha. Hapo sura na majina ndiyo bidhaa yenyewe. Mtu alilipa kiingilio ili awaone watu ambao hadi siku hiyo aliwasoma tu gazetini.

Njia hiyo haikufa. Mwaka 1928 nyota wa besiboli Babe Ruth alionekana katika filamu ya mwisho isiyo na sauti ya mchekeshaji Harold Lloyd, akiwa yeye mwenyewe, abiria aliyeshika roho ndani ya teksi inayoendeshwa ovyo katika mitaa ya New York. Msimu wa 1927 Ruth alikuwa amepiga mikwaju 60 ya kuzunguka uwanja mzima. Mtazamaji anacheka kwa sababu anajua kilichomo ndani ya teksi ile na kitakachopotea ikigonga ukuta.

Buster Keaton alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikulia jukwaani, akirushwa huku na huku na baba yake katika maonyesho ya familia tangu akiwa mtoto mdogo, na mwili wake ulijua kuanguka kabla hajajua kusoma. Alipoanza kutengeneza vichekesho vyake vya rili mbili mwaka 1920, msimamo wake ulikuwa kwamba kitendo cha hatari kionekane chote katika shoti moja, mwigizaji akiwemo kuanzia kichwani hadi miguuni, ili asiwepo wa kusema ni hila. Mwaka 1924 maji ya tangi la reli yalimwangusha akavunjika mfupa wa shingo. Aliendelea na kazi, na jeraha hilo lilikuja kugunduliwa miaka mingi baadaye kwenye picha ya eksirei.

Pia alikuwa mpenzi wa besiboli kupita kiasi. Kazi ikikwama studio, watu wote waliacha vifaa wakaenda kucheza mpaka wazo lipatikane. Mmoja wa wafanyakazi wake, Ernie Orsatti, aliingia ligi kuu akiwa na St. Louis Cardinals mwaka huohuo wa 1927. Kwa hiyo wanamichezo hawakuwa wageni katika studio ile.

Ila mwaka huo mambo yalikuwa magumu. Filamu iliyotangulia, The General, ilikula fedha nyingi mno, mamia ya maelfu ya dola, na haikurudisha kilichotarajiwa. Aliyeshika mfuko alitaka kitu cha gharama nafuu na kisicho na mashaka. Miaka miwili nyuma, Harold Lloyd alikuwa amevuna sana kwa hadithi ya mwanafunzi mgeni chuoni anayetamani sifa uwanjani. Ndipo Keaton akaingia kwenye hadithi ya chuo, College.

Mambo yalivyofuatana

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Ronald, anayeigizwa na Keaton, ni mwanafunzi hodari wa vitabu; anatoa hotuba ya kulaani michezo siku ya mahafali, na msichana anayempenda anamkasirikia kwa hilo. Anamfuata chuoni akiwa ameapa kuwa mwanamichezo. Anajaribu kila mchezo na kushindwa kila mchezo. Mwishoni msichana anafungiwa chumbani ghorofani na mshindani wa Ronald, na Ronald anapata habari kwa simu. Anatoka mbio. Kila alichokishindwa uwanjani sasa anakiweza barabarani: anapenya katikati ya watu kama mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, anaruka nyua kama viunzi, anavuka dimbwi kwa mruko mrefu. Anafika chini ya dirisha, ananyakua mti unaotegemeza kamba ya nguo, anautumia kama upondo na kuingia dirishani. Akiwa ndani anamtupia mshindani wake vyombo na samani kwa mitindo ya kisahani na mkuki.

Ili hayo yapate uzito, watayarishaji waliwachukua wanariadha halisi wa Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles. Kocha wa besiboli katika filamu aliigizwa na Sam Crawford, aliyekuwa kweli kocha wa besiboli wa chuo hicho na mmoja wa wapigaji wakubwa katika historia ya mchezo huo. Alikuwemo pia Bud Houser, aliyeshinda medali za dhahabu za tufe na kisahani katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924. Ukikitazama kipande cha mazoezi utaona mpangilio unaojirudia: kwanza anaruka au anarusha mtu anayejua, kwa utulivu na kwa ufasaha, kisha Ronald anaingia palepale na kufanya vilevile, na mambo yanaharibika. Katika mbio za viunzi anaviangusha kimoja baada ya kingine, isipokuwa cha mwisho.

Keaton mwenyewe aliyafanya yote hayo. Alikuwa na umri wa miaka 31, mwepesi na mwenye nguvu, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuuficha ustadi wake. Kuangusha viunzi mfululizo bila kuvunjika goti, na kwa mdundo unaochekesha, kunahitaji mtu anayejua kuviruka.

Kazi ilikwama kwenye dirisha.

Uamuzi, na njia zilizokuwepo

Tulitazame tatizo lenyewe kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo kisa kinapofundisha.

Mruko wa upondo haufanani na michezo mingine iliyomo katika filamu ile. Mtu mwepesi anaweza kuiga mbio, anaweza kuiga mruko mrefu, hata kisahani anaweza kukirusha kwa namna inayodanganya jicho. Upondo hauigiki. Mrukaji lazima akimbie kwa kasi huku amebeba mti, auchomeke mahali sahihi kwa wakati sahihi, auache mwendo wake umwinue, ageuke hewani na kuuachia mti usimfuate. Akikosea hatua moja tu, mti unamrudisha alikotoka au unamtupa pembeni. Mwaka 1927 mabingwa waliruka kwa mianzi na kutua kwenye shimo la mchanga au unga wa mbao. Hapa palikuwa na mti wa kuanikia nguo.

Halafu kuna tofauti ambayo asiyeujua mchezo haioni haraka. Uwanjani mrukaji anavuka ufito uliowekwa juu ya vishikizo viwili. Akiuangusha anapoteza jaribio tu. Dirisha halianguki. Juu lina ukuta, chini lina ukuta, kushoto na kulia vilevile. Uwanjani kazi ni kupanda. Dirishani ni lazima upande kisha uende mbele, mwili umelala, ukipita kwenye tundu lisilokusamehe.

Njia zilikuwa nne. Ya kwanza, Keaton ajifunze. Baadaye alieleza kwa nini aliikataa: hakuwa mrukaji wa upondo, na hakutaka kutumia miezi ya mazoezi kwa ajili ya kitendo kimoja. Kwa filamu iliyotakiwa kuwa nafuu, jibu hilo lina akili.

Ya pili ilikuwa kukatakata. Unampiga akichomeka mti, unakata, unampiga ndani akitua chumbani, na mtazamaji anaunganisha mwenyewe. Ndivyo wengi wangefanya wakati ule, na ndivyo wengi wanavyofanya leo. Lakini ingekwenda kinyume na kila alichokiamini Keaton, na ingeudhoofisha mwisho mzima. Mtazamaji ameshaona mbio, ameshaona nyua, ameshaona dimbwi. Kwenye kilele chenyewe ukimkatia picha, unamwambia kwamba jambo hili halikuwezekana.

Ya tatu ilikuwa kubadilisha kitendo: apande mfereji wa maji au atumie ngazi. Hapo hatari ya kuumia ingeisha, na maana ingeisha nayo. Mwisho ule unasimama juu ya wazo kwamba uwanja wa michezo umehamia mtaani. Ngazi si mchezo.

Wakachagua ya nne: mtu mwingine aruke. Kwa Keaton huo ulikuwa uamuzi mzito, kwani kumruhusu mtu avae nguo zake mbele ya kamera ni jambo alilolifanya kwa nadra sana. Ila alipoamua hakumtafuta mtu wa sarakasi anayejua kiasi. Alimchukua Lee Barnes.

Barnes alikuwa kijana wa palepale, aliyesoma Hollywood High School. Huko Paris tarehe 10 Julai 1924, zikiwa zimebaki siku sita atimize miaka 18, alivuka mita 3.95 sawa na Mmarekani mwenzake Glenn Graham, kisha akamshinda katika mruko wa kuamua na kuchukua dhahabu. Mwaka 1927 alikuwa mwanafunzi wa Southern California, chuo kilekile ambacho wanariadha wake walikuwa wameshaanza kupigwa picha za filamu hiyo. Yaani mtu aliyehitajika alikuwa umbali wa kuitwa tu.

Jinsi ilivyopigwa

Kamera imewekwa nje, mbali kiasi cha kuonyesha ardhi, ukuta na dirisha kwa pamoja. Mtu anakuja na mti wake, anauchomeka, anainuka na kuingia ndani miguu ikitangulia. Hakuna kukata katikati. Baada ya hapo tu ndipo tunahamia ndani ya chumba, na Keaton anasimama mbele yetu.

Umbali huo unafanya kazi mbili. Unaficha uso wa mrukaji, na pia unathibitisha kwamba mruko ni wa kweli. Kwa kawaida mambo hayo hugombana: anayeficha husogea karibu na kukata, anayethibitisha hurudi nyuma na kuacha picha iende. Hapa shoti moja imebeba yote mawili. Nimekitazama kipande hiki mara nyingi nikitafuta ufa na sijauona mbali na ufasaha wenyewe. Mruko umenyooka mno, na mtu aliyewahi kukaa karibu na uwanja wa riadha atahisi kwamba mwili ule umeshafanya hivyo mara elfu.

Matokeo

Filamu ilitoka Septemba 1927. Mruko ulipita kama ulivyokusudiwa: kwa watazamaji, aliyeingia dirishani ni Ronald.

Kibiashara haikumwokoa mtu. Inatajwa kuwa ilikusanya nchini Marekani kiasi cha dola 424,000, chini kidogo ya The General, ambayo yenyewe ilikuwa imewavunja moyo wenye fedha. Mwezi uliofuata ilitoka filamu ya kwanza ndefu yenye mazungumzo ya kusikika, na enzi ya vichekesho bubu ikaanza kufungwa. Keaton alitengeneza moja zaidi kwa uhuru wake, kisha mwaka 1928 akahamia studio kubwa ya MGM, ambako hakuwa tena na mamlaka juu ya kazi yake.

Barnes alirudi uwanjani. Tarehe 28 Aprili 1928 huko Fresno aliweka rekodi ya dunia ya mita 4.30. Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka huo alimaliza wa tano.

Kilichofanya kazi

Kubwa kuliko yote ni mpangilio wa uaminifu. Kabla ya dirisha, mtazamaji amemwona Keaton akifanya vitendo mfululizo kwa mwili wake mwenyewe, katika picha pana, uso ukionekana. Kila kitendo kinamwongezea imani. Inapofika zamu ya Barnes, imani hiyo tayari ni kubwa kiasi kwamba hakuna anayeuliza uso uko wapi. Ukiyageuza, ukaanza na mbadala halafu ukamwonyesha mwigizaji, mtazamaji atashtuka mapema na kuanza kukagua kila kitu. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunalijua jicho hilo la ukaguzi. Steringi akirushwa dirishani na nywele zikabadilika rangi, banda zima linapiga kelele.

La pili ni wanariadha wa mazoezini. Hawakuwekwa kwa mapambo. Kushindwa hakuchekeshi kama mtazamaji hajui kufaulu kunafananaje, na filamu bubu haina mtangazaji wa kumweleza. Houser na wenzake ndio maelezo yenyewe. Nadhani hapa ndipo vichekesho vingi vya leo vinavyomwita mwanariadha vinapopoteza nafasi: vinamtaka bingwa naye achekeshe, wakati angefaa zaidi akifanya kazi yake kwa ukamilifu wote na kumwachia mchekeshaji aiharibu. Bingwa akianza kujichekesha, kipimo kimeondoka.

Na kuna utii kwa mwili wa mrukaji. Waliochagua shoti walielewa kwamba mruko una mwanzo, kuinuka na kuvuka, wakauacha wote. Kuna watengenezaji wanaomwita mtu mwenye ustadi wa miaka kumi kisha wanambakizia nusu sekunde kwenye uhariri.

Kilichoshindikana

Sam Crawford kwanza. Huyu ni mtu aliyepiga mikwaju 309 ya kufika kituo cha tatu, rekodi ya ligi kuu ambayo mpaka leo haijavunjwa, na mwaka 1957 akaingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli. Filamu inampa nafasi ya kocha ambayo mwigizaji yeyote mwenye mabega mapana angeweza kuijaza. Hatumwoni akipiga hata mpira mmoja. Barnes amefichwa na ustadi wake ukatumika wote. Crawford ameonyeshwa uso, na ustadi wake haukutumika kabisa. Katika filamu iliyojengwa juu ya kanuni ya bingwa kwanza, mjinga baadaye, kipande cha besiboli ndicho pekee kilichokuwa na bingwa mkubwa kiasi hicho karibu, na ndicho kilichoiacha kanuni hiyo.

Udhaifu mwingine ulitoka ofisini. Mwongozaji mpya alipewa jina la kazi ambayo kwa sehemu kubwa Keaton aliifanya mwenyewe, na baadaye Keaton alilalamika waziwazi kwamba hakumsaidia kitu. Filamu ina vipande vilivyopangwa kwa makini na vingine vinavyokwenda tu. Mruko wa dirishani ni wa kundi la kwanza, na nadhani ugumu wake ndio uliowalazimisha kufikiri.

Kipo pia kipande ambacho msomaji wa Kiafrika hawezi kukiruka kimya, nami sitakiruka. Ronald anajipaka uso rangi nyeusi ili apate kazi ya mhudumu iliyowekwa kwa ajili ya mtu Mweusi. Rangi inatoka, na wafanyakazi Weusi wa jikoni wanamfukuza. Vichekesho vya Marekani vya wakati ule vilijaa mambo hayo, lakini wingi haupunguzi uchungu. Mimi ninapoionyesha filamu hii kwa vijana huisimamisha pale, tukazungumza, kisha tukaendelea. Hata kwa kipimo cha ufundi peke yake kipande hicho ni mzigo: hakihusiani na michezo, hakirudi mwishoni, na kinachelewesha hadithi iliyokuwa imeanza kukimbia.

La mwisho ni jina. Barnes hakutajwa kwenye filamu. Kuficha uso ndani ya hadithi ulikuwa uamuzi sahihi, ila jina ni jambo jingine, na orodha ya majina haikai ndani ya hadithi. Ni kweli kwamba sheria za uridhaa, zilizomkataza mwanariadha kulipwa kwa michezo, zilikuwa kali. Mwanariadha Jim Thorpe alinyang'anywa medali zake za Olimpiki ya 1912 kwa sababu ya ujira mdogo wa besiboli, na mwanariadha wa Olimpiki alipaswa kuchunga jina lake lisionekane likiuzwa. Basi lingeweza kutajwa baada ya 1928, alipokuwa ameshatoka Amsterdam. Keaton alilisema wazi katika mahojiano ya miaka ya baadaye, na kwa hilo anastahili heshima. Waliolipa kiingilio mwaka 1927 walishamaliza kumpigia makofi mtu mwingine.

Kwa anayepanga kumtumia mwanamichezo kwa njia hii leo, mambo mawili yaandikwe kwenye makubaliano kabla kamera haijawashwa: kwamba uso wake hautaonekana, na mahali na siku ambapo jina lake litaonekana. Pale Los Angeles la kwanza lilitekelezwa kwa ustadi mkubwa, na la pili likabaki bila mwenyewe.